Barua ya wazi kwa wifi yangu: ile fomu ijaze tu

Wifi, salama huko? Naandika hapa wazi, jina lako silitaji, ila juzi uliponiambia daktari kawapa fomu mbili, ya kaka na ya kwako, na ya kwako umeisukumia kabatini huko chini ya makhanga kwa sababu unaona kama unaenda kumshtaki mumeo, nikajua mko wengi.

Ile ya kaka inaitwa MDQ, ilitoka Marekani mwaka 2000. Maswali 13 ya ndiyo na hapana, umewahi kulala kidogo na usichoke, kuongea mbio mbio, kumwaga hela mpaka nyumba ikayumba, vitu kama hivyo. Ndiyo zikifika 7, na mambo yenyewe yawe yalitokea kipindi kimoja, na yawe yalileta shida ya maana, hapo daktari anaanza kuiwazia baipola, ule ugonjwa wa akili wa mtu kupanda juu kwa mihemko kisha kushuka chini kwa huzuni. Ya kwako, kwa ulivyonisomea kwenye simu, ni jamii ya HCL-32, fomu nyingine ya kuulizia vile vipindi vya kuwa juu, yenyewe ina maswali 32 na ina toleo lake la kujazwa na mtu wa karibu.

Sasa kwanini wakuulize wewe? Kwa sababu mtu wa baipola anaenda hospitali akiwa chini. Akiwa juu anaenda kufanya nini wakati anajiona mzima kuliko sisi wote? Kumbuka kile kipindi kabla ya Ramadhani, anapaka rangi ukuta usiku kucha, kachukua mkopo wa bajaji mbili na leseni hana, saa tisa usiku anampigia baba yako kumpa mpango wa biashara ya ufuta. Muulize leo atakwambia "nilikuwa na nguvu za kazi tu". Atatiki hapana, na wala hadanganyi, ndo anavyokumbuka. Wewe uliyekuwa unaficha kadi ya benki ndo unakumbuka vingine. Hata kwa vijana wadogo watafiti walikuta majibu ya mzazi yanamsaidia daktari kuliko ya kijana mwenyewe au ya mwalimu.

Na sio jambo dogo hilo. Daktari akiona ile huzuni peke yake, zile wiki za kujifungia ndani haogi hali, anaweza akamwandikia dawa ya sonona tupu, na kwa mwenye baipola dawa hiyo bila dawa nyingine ya kutuliza mihemko inaweza ikamrusha juu tena. Ndo maana wanauliza uliza kwanza.

Kujaza kwenyewe sasa. Msikae meza moja, maana utaanza kumwangalia usoni kila swali. Usijaze siku mmegombana. Jiulize hivi, hii ni tofauti na yeye wa siku zote? Lile suala la yule dada wa Morogoro kwa mfano, kama lilikuja wakati ule ule halali na anagawa hela andika, kama lilikuwepo miaka yote basi hiyo tabia, kaka yangu namjua mimi. Pembeni ya kiboksi andika na mfano, ilikuwa mwezi gani, siku ngapi mfululizo, maana siku nne na wiki nzima kwa daktari ni vitu viwili tofauti. Mirungi na pombe usifiche.

Alafu kwenye fomu ya kaka kuna swali kama yupo ndugu wa damu aliyewahi kuumwa ugonjwa huu, atajibu hapana. Mwambie daktari ni ndiyo. Baba yetu mdogo alikuwa anapelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, sisi watoto tunaambiwa yuko safari, na kaka mpaka leo anaamini ilikuwa safari.

Ila usije ukalia zikitoka ndiyo nyingi, fomu ni chujio, ugonjwa anausema daktari baada ya kukaa na mgonjwa na kumhoji, pengine na kupima damu kwa sababu hata tezi la shingo likizidisha kazi linamfanya mtu asilale na awe mkali. Zikiwa chache pia usisherehekee, kuna wanaopita chujio na wanaumwa. Mama yeye anasema kapandisha, sawa, amsomee, kisomo na fomu havigombani.

Kaka mwambie kabisa kwamba na wewe una fomu, asije akaiona kwa bahati mbaya, majibu ndo yabaki kwako na kwa daktari. Na akianza kuzungumzia kufa au kujidhuru, achana na tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na usimwache peke yake.

Jumamosi nakuja kuwachukua watoto, nitakaa nao mpaka jioni ujaze kwa utulivu. Swali likikushinda liache, utamuuliza daktari. Na pakiti zote za dawa alizowahi kutumia ziweke kwenye mfuko mmoja uende nazo, hata zile zilizoisha.