Shukrani kwa mama wa Trenčín

Mama uliyetuelekeza karibu na ngazi za Farské schody mjini Trenčín, Slovakia, shikamoo na asante sana. Jina lako hatulijui, lakini maelekezo yako yalikuwa sahihi kabisa.

Ni kweli ulivyotuambia: wageni wengi hupanda ngazini moja kwa moja kutafuta maandishi ya Warumi, wakayakosa. Yamechongwa kwenye jabali chini ya ngome, nyuma ya Hoteli Elizabeth, na huonekana ukiwa ndani ya hoteli. Ni kuingia mapokezi na kuuliza tu. Yanataja askari 855 waliopiga kambi Laugaricio, jina la Kirumi la mahali hapa, mwaka 179. Ukishayaona ndipo upande, kwa ngazi hizo zenye paa, upite kanisani, kisha lango la ngome. Viatu viwe vya soli inayoshika, maana mawe yakilowa huteleza.

Asante zaidi kwa habari ya kisima cha ngome. Hadithi humpa Omar, Mturuki, kazi ya kukichimba kwa miaka mitatu ili amkomboe Fatima, mpenzi wake aliyeshikwa mateka ngomeni. Historia huwapa kazi hiyo askari wa ngome. Ulitusimulia zote mbili bila kuzichanganya. Mungu akuzidishie, mama.