Dagaa wa Kigoma wanahitaji chanja kabla ya kuongezewa mitumbwi

Ndugu Mhariri,

Faida ya uvuvi wa Ziwa Tanganyika ikizungumzwa, tunahesabiwa tani, mitumbwi na ushuru. Hesabu hiyo haijakamilika. Ziwani usiku mvuvi anapata samaki. Kipato cha mkoa kinapatikana mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kati ya alfajiri na machweo ya siku hiyo hiyo, dagaa wanapoanikwa. Ndiyo maana naomba chanja, yaani meza za waya za kuanikia, kabla ya mitumbwi zaidi.

Kilo nne hivi za dagaa wabichi hutoa kilo moja ya wakavu, kwani zaidi ya robo tatu ya samaki huyo ni maji. Kwa hiyo gunia la wakavu likioza, limeoza pamoja na mafuta ya injini, betri za taa na jasho la wavuvi waliovua mara nne ya uzito huo. Akina mama wanaonunua kwa beseni pale Kibirizi na Katonga ndio wanaobeba hasara hiyo, maana mwenye mtumbwi keshalipwa.

Uharibifu huanzia mtumbwini. Dagaa wa mtego wa kwanza hukaa chini ya rundo hadi asubuhi. Wakiwa wameshiba, matumbo yao hulegea na kupasuka kwa uzito wa wenzao. Kreti za plastiki zenye matundu, zisizojazwa kupita kina cha kiganja, zingewaokoa wengi. Wakifika nchi kavu waoshwe kwa maji safi, wachujwe, waanikwe mapema jua linapochomoza.

Mchanga hauwafai. Unashika ngozi mbichi, unazuia hewa kupita chini, na mvua ya ghafla ikinyesha hakuna anayewahi kuzoa. Mteja wa Dar es Salaam hulipa zaidi kwa dagaa wa Kigoma kuliko wa Ziwa Victoria. Akitafuna mchanga, hana sababu ya kuendelea kulipa.

Chanja si mtambo wa ajabu. Nguzo zisimame hadi kiunoni, kama mita moja. Upana usizidi mita 1.2, ili mtu aufikie katikati akiwa upande wowote. Tandika waya wa kuku uvutike vizuri, juu yake nyavu za dagaa zilizochakaa. Waya ukilegea, samaki hukusanyika bondeni na kuchacha. Anika safu moja tu, samaki asimlalie mwenzake, na geuza mara kadhaa. Kwa jua kali la kiangazi, siku moja huweza kutosha. Turubai la mvua liinuliwe kama paa. Likiwalalia dagaa, mvuke huwarudia na kuwachemsha. Mkunje mmoja: akivunjika, amekauka, akipinda, bado. Waache wapoe kabla ya kufungwa, kwa sababu wakiingia kwenye sandarusi na joto lao watatoka na ukungu.

Sasa hesabu ambayo miradi mingi haiifanyi. Mita mraba moja hubeba kilo mbili hadi tatu za wabichi. Chanja ya mita 1.2 kwa 10 inabeba kilo 30 hivi. Mama mwenye kilo 100 anahitaji chanja nne. Kujenga chanja mbili za mfano kwenye mwalo mzima na kupiga picha hakumsaidii yeyote. Zikijaa hizo mbili, wengine wote wanarudi mchangani.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia. Naunga mkono, samaki wapewe nafasi ya kuzaana. Lakini miezi hiyo ndiyo yenye jua bora la kuanika. Ziwa likifunguliwa katikati ya Agosti, kiangazi kimebaki miezi miwili hivi, na samaki wanaingia kwa wingi kwa mpigo. Chanja zikikosekana wakati huo, tunachovuna kwa kusubiri tunakipoteza kwa kuoza.

Fedha ipo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, nne kati ya hizo zikiwa za wanawake. Vikundi vya waanikaji vikopeshwe waya, nguzo na turubai, na marejesho yafuate ziwa: wakati wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa na mwalo hulala, kwa hiyo tarehe ya kulipa ikiangukia siku hizo, mama atauza mtaji wake. BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia rasilimali za uvuvi kwenye kila mwalo, zitenge eneo la chanja lisilogeuzwa maegesho ya mitumbwi.

Ombi langu kwa halmashauri zote za ukanda wa ziwa ni kwamba kazi hii ifanyike ndani ya miezi ambayo ziwa limefungwa, mikono ikiwa mitupu na fukwe zikiwa wazi.

Msomaji wako,
Kigoma