Kisu cha kukunja si cha kushindania kasi

Mhariri,

Safu yenu ya zana ilimshauri anayetafuta kisu cha mfukoni achague kinachofyatuka haraka kuliko vingine. Kwa muuza machungwa, mchuna waya au mfungua magunia, hiyo nusu sekunde haina kazi. La kuangalia dukani ni kisu kinakaaje mfukoni kikiwa kimekunjwa, na wakati wa kukifunga vidole vinapita wapi.

Mfuo wa ukucha, ule mchirizi ulio karibu na mgongo wa bapa (sehemu ya kisu yenye makali), hudharauliwa kwa kuwa unataka mikono miwili. Ndio ulio kwenye visu vyekundu vya Victorinox vya Uswisi, uzao wa kisu cha maofisa cha 1897, na kwenye Opinel ya Ufaransa yenye mpini wa mti. Hauna kinachochomoza, kwa hiyo hakuna cha kunasa kwenye kitambaa. Kwenye visu vya Uswisi springi ya mgongoni hulibana bapa mpaka ulivute kwa makusudi. Anayeteseka nao ni aliyekata kucha hadi nyamani, na mpara samaki mwenye ute vidoleni. Huyo aangalie kama sehemu ya bapa inabaki nje ya mpini: aibane ubavuni kwa gumba na kidole cha shahada, avute bila kugusa makali. Kama bapa lote limezama ndani, kisu hicho hakimfai.

Opinel ikikaa pwani ina visa vyake. Mti hunywa unyevu, huvimba, na bapa hung'ang'ania. Msichukue koleo. Geuza pete ya chuma iliyo shingoni mwa mpini mpaka uwazi wake ulingane na mfereji wa mpini, ule ambamo bapa hukunjiwa, kisha gonga kitako cha mpini juu ya meza ngumu. Ncha itachomoza kiasi cha kushikwa. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955 kulikaza bapa likiwa wazi, na inasahaulika sana: mtu hukata bila kuizungusha, bapa likamrudia vidoleni.

Kwa mkono mmoja, chaguo letu ni tundu la duara kwenye bapa, lililoletwa na Spyderco ya Marekani mwaka 1981. Nyama ya gumba huzama kidogo tunduni na kushika kingo zake. Usisukume kuelekea juu. Sukuma nje kwanza, kisha uchore nusu duara hadi usikie mlio wa komeo, kile kifungio kinacholizuia bapa lisijikunje. Wa mkono wa kushoto na wa kulia hulitumia sawasawa, hata mwenye glavu, na hakuna skrubu ya kulegea. Gharama yake ni upana: bapa lazima liwe na nundu mgongoni, na nundu hiyo hujaza mfuko. Kitufe cha gumba, kile kijiti kinachochomoza ubavuni, hupunguza upana huo, lakini hugonga jiwe unaponoa karibu na mpini na huzuia bapa kuzama kwenye kitu kinene. Vingine vina kijiti upande mmoja tu, na mwenye mkono wa kushoto huachwa hivihivi.

Sasa ulimi, ambao ndio safu yenu iliusifu. Ni kipande cha bapa kinachochomoza mgongoni mwa mpini. Unakibonyeza kwa kidole cha shahada na bapa linaruka. Siri yake yote ni kigololi kidogo kilichopachikwa kwenye bamba la komeo, yaani kipande cha chuma ndani ya mpini kinacholikaza bapa likiwa wazi. Kisu kikikunjwa, kigololi huingia kwenye kishimo kwenye bapa na kulizuia. Ukibonyeza ulimi, nguvu hujilimbikiza mpaka kigololi kinatoka ghafla, na hapo bapa hufyatuka. Kishimo kikiwa kifupi, bapa hufunguka mfukoni na mkono ukiingia hukutana na ncha. Kikiwa kirefu mno, kidole huchubuka.

Malalamiko ya kila siku ni kwamba kisu cha ulimi hakifunguki, kinaishia nusu. Mara nyingi kisu hakina ubovu. Tazameni vidole vingine vitatu: vinakandamiza bamba la komeo, hasa pale bamba lenyewe ni sehemu ya mpini. Unapolikandamiza unakizidishia kigololi mzigo, na kidole cha shahada kinashindana na mkono wake mwenyewe. Hamisha ncha za vidole zishike ukingo wa mpini, bamba libaki huru, na kisu kilekile kitafunguka.

Mchanga nao haupendi visu hivi. Vingi huzunguka juu ya beringi zenye gololi ndogo. Punje chache zikiingia, bapa hukwaruza na kasi inakufa. Vyenye washa, yaani pete nyembamba za shaba au nailoni badala ya beringi, hufunguka kwa uzito kidogo lakini huvumilia vumbi. Mkulima na mvuvi wachague washa.

Visu vinavyomaliziwa kufunguka na springi ukishaanza kulisukuma bapa tungeviacha dukani. Springi ikivunjika kazi yake imekwisha, na kila ukifunga unasukuma dhidi yake huku makali yakielekea vidoleni. Tena kuna sheria. Uingereza ilipiga marufuku visu vya kufyatuka vyenyewe kwa kubonyeza kitufe mpinini mwaka 1959, na sheria ya 2019 ikapanua maana yake hadi kugusa hivi vya kusaidiwa na springi. Hata kuvihifadhi nyumbani ni kosa. Ujerumani huruhusiwi kutembea na kisu cha kufunguka kwa mkono mmoja chenye komeo bila sababu inayokubalika kisheria. Anayempelekea nduguye London zawadi ampelekee kisu cha mfuo wa ukucha, kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi inchi 3, na akiweke kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege.

Jaribio la dukani halichukui dakika mbili. Kikunje, kishike kwa nguvu mfereji ukitazama sakafu, mbali na miguu, ukitikise mara tano: bapa lisitoke hata kidogo. Kifungue polepole, komeo liingie lenyewe bila kusaidiwa. Likiwa wazi, sukuma bapa kushoto na kulia. Likicheza, kaza skrubu ya egemeo, ile ambayo bapa huizunguka, kwa robo ya robo mzunguko, ujaribu tena; ukikaza mno halitafunguka kabisa. Mwisho kifunge kwa mkono mmoja na uangalie gumba. Kwenye komeo la bamba, gumba hukaa njiani mwa bapa, kwa hiyo lisukume bamba, lishushe bapa kidogo, ondoa gumba, ndipo umalizie.

Kisu kikikwama kwa uchafu, kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni huku ukikifungua na kukikunja mara kumi, kikaushe juani kikiwa wazi (cha mpini wa mti kifute tu kwa kitambaa), utie tone moja kwenye egemeo. Mafuta ya cherehani yanatosha. Kama kinakata matunda, tia likwidi parafini ya duka la dawa, ambayo si mafuta ya taa. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi baada ya muda, na matone matano badala ya moja huvuta vumbi lilelile ulilotoka kuliosha. Skrubu ya egemeo ikiwa inajilegeza kila wiki, ifungue, isafishe mafuta, ipake chembe ya gundi ya buluu ya kuzuia skrubu kulegea, uirudishe na kuiacha usiku mzima. Gundi nyekundu msiiguse. Skrubu haitatoka tena bila moto, na moto huharibu ugumu wa chuma.

Wanoa visu,
Tanga