Ubao wa Zamani Haupakwi Wino Nyumbani

Ujumbe umeingia tena: “Mmeniuzia ubao mbovu. Naomba pesa yangu.” Picha zimeambatishwa. Ni ubao wa zamani wa kuchapia, wenye picha ya Fudo Myoo, mlinzi mkali wa Kibuddha, na mteja amenunua rola na kopo la wino wa mafuta, akachapa mezani kwake, na Fudo akatoka nusu. Upanga upo, kamba haionekani, ndimi za moto nyuma ya mgongo zimekuwa doa moja jeusi, na yale meno mawili, moja likielekea juu na jingine chini, yamezama kwenye wino. Hasira yake tunaielewa. Pesa haturudishi, na sababu tunaiandika hapa kwa sababu malalamiko haya yamekuwa ya kila msimu na tumechoka kumjibu mmoja mmoja.

Sisi tuko Kyoto. Tunanunua na kuuza chapa za mbao za Kijapani zenye picha za Kibuddha, pamoja na mbao zenyewe za kuchapia, ambazo wenyeji huziita hangi. Nyingi zilikuwa za kuchapia ofuda, karatasi za kinga ambazo mahujaji huzichukua hekaluni na kuzibandika mlangoni. Ubao ulichapa miaka na miaka mpaka mistari ikalika. Ukishachoka ulipigwa randa ukachongwa picha nyingine, au ukageuzwa ukachongwa upande wa pili, au ukasukumwa stoo. Huo wa stoo ndio unaoukuta leo kwenye soko la hekalu la Toji, kila tarehe 21 ya mwezi, umelala kwenye turubai kati ya mabakuli na kimono za mtumba. Mbao zenye nguvu haziji sokoni. Ukienda Uji, kusini ya Kyoto, ghala la hekalu la Manpuku-ji lina mbao zipatazo 60,000 za maandiko ya Kibuddha, zilizochongwa karne ya 17 kwa juhudi za mtawa Tetsugen, na mpaka leo wachapaji wanazitumia. Zile bado ziko kazini. Huu uliouziwa wewe ni kama mzee aliyestaafu kazi ya kupakua mizigo bandarini: ukae naye, umsikilize, lakini usimtwishe gunia.

Tunaliandika jambo hili kwenye kila cheti cha mauzo, mstari wa pili: ubao ni wa kutazamwa, si wa kuchapia. Watu hawausomi.

Kwenye ubao kinachochapa ni kile kilichoachwa kimesimama. Kila kilicho cheupe karatasini kimechimbwa kwa patasi. Mchongaji mzuri huuacha mstari ukiwa mwembamba juu na mpana chini ili usivunjike. Kwa hiyo juu kukilika, mstari unanenepa. Tunao hapa ubao wa Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, ambao kope zake upande wa kushoto bado zina upana usiofika nusu milimita, na upande wa kulia, ambako bila shaka mkono wa mchapaji ulikuwa unagandamiza zaidi, kope na jicho vimeungana. Paka wino mzito hapo uone kitakachotokea.

Halafu kuna namna ya kuchapa yenyewe. Mchapaji wa Kijapani hatumii rola wala wino wa mafuta. Anatumia sumi, masizi yaliyochanganywa na gundi ya ngozi, anaipaka kwa brashi ya manyoya ya farasi ambayo kwanza imelainishwa kwa kusuguliwa kwenye ngozi ya papa. Karatasi ni ya kozo, mti wa jamaa ya mforsadi, na inalowekwa kidogo siku moja kabla. Kugandamiza ni kwa baren, kisahani cha kamba ya mianzi iliyosokotwa na kufunikwa kwa ganda la mwanzi, na mkono unajua wapi pa kubonyeza na wapi pa kupita juujuu. Wino wa maji unanyonywa na karatasi na kinachobaki kwenye ubao ni kidogo. Wino wa mafuta unajaa mashimoni, unakauka, unakaa humo daima.

Na hapo ndipo njia ya mkato inapoanza kula pesa. Kaka mmoja wa Muscat alipoona mashimo yamejaa, alichukua tapentaini na mswaki. Mafuta yakatoka, na pua ya Jizo, mtakatifu mlinzi wa watoto aliyechongwa pale, ikatoka nayo. Dada mmoja wa Nairobi aliuloweka ubao kwenye beseni la sabuni ya unga, akausugua vizuri kama mtu mwenye nidhamu ya kazi, kisha akauanika juani. Ubao wa cheri hukatwa kufuata nyuzi za mti, si kuzivuka. Upande mmoja ukilowa na mwingine ukabaki mkavu, unajikunja, na vile vipande viwili vya mti vilivyopigwa miishoni kuuzuia usipinde vinageuka kuwa ndivyo vinavyoupasua. Ulipotufikia ulikuwa na ufa kuanzia taji la Kannon mpaka ua la yungiyungi lililo miguuni. Tuliunyoosha polepole, tukaziba ufa kwa vipande vya cheri ya zamani, ufundi unaoitwa umeki. Bili ilizidi bei ya ubao. Alituona wezi, na bado sijui ningemfanyia nini kingine.

Kesi iliyoniuma kuliko zote ni ya mzee mmoja wa Mombasa, fundi seremala wa heshima. Yeye hakuchapa chochote. Aliona ubao mweusi, mchafu, akaupiga msasa pande zote mbili “ili mti uonekane”, akaupaka vanishi. Kazi safi kabisa, kona zote zimenyooka. Lakini weusi ule ulikuwa tabaka la sumi la vizazi, ndilo ushahidi kwamba ubao ulitumika na haukuchongwa juzi kwa ajili ya watalii, na mgongoni kulikuwa na jina la muumini aliyetoa sadaka ya kuuchongesha. Jina limekwenda na vumbi la msasa. Alituomba tumuuzie. Hatukuweza kuuchukua hata kwa robo ya bei aliyonunulia.

Sasa bei, maana najua swali linakuja. Ndiyo, sokoni utapata ubao kwa nusu ya bei yetu, na mara nyingine ni mzuri. Mara nyingine una bungua hai ndani, na baada ya miezi michache unakuta unga mweupe kwenye rafu na matundu kwenye fremu za picha zako nyingine. Kila ubao unaoingia kwetu unafungwa kwenye plastiki na kugandishwa kabla haujakaribia mwenzake. Tunaupiga picha taa ikimulika kutoka pembeni, tunaigeuza picha ili maandishi yasomeke (ndiyo, maandishi ya ubao yamepinduliwa, ndivyo yanavyotakiwa kuwa, tafadhali msituandikie kwamba yamekosewa), tunauliza umetoka hekalu gani na kwa mkono wa nani. Usipojulikana ulikotoka hatuununui. Kitu kilichosajiliwa Japani kuwa mali muhimu ya utamaduni hakitoki nchini bila kibali, na cha kuibiwa hatutaki kukiona. Muuzaji wa turubani hafanyi lolote kati ya hayo, na simlaumu, hakuahidi.

Wengine wanaahidi mno. Mteja wetu mmoja aliletewa “ubao asili” wa zile sala ambazo Malikia Shotoku aliamuru zichapwe baada ya uasi wa mwaka 764, zikatiwa ndani ya vipagoda (minara midogo ya Kibuddha) milioni moja vya mti, kazi iliyokamilika mwaka 770. Wataalamu mpaka leo wanabishana kama zilichapwa kwa mbao au kwa bamba za metali. Mtu akikuletea ubao wake mkononi, funga mkoba.

Kwenye chapa za karatasi lawama ni nyingine: “Hii hii nimeiona hekaluni kwa bei ya chai.” Kweli. Ile ya Tsuno Daishi, mtawa Ryogen (912–985) aliyejigeuza jini mwembamba mwenye pembe ili aifukuze tauni, bado inachapwa na bado imebandikwa kwenye milango ya Kyoto. Ukiitaka kwa ajili ya mlango wako, nenda hekaluni, usinunue kwetu. Tunachouza sisi ni chapa ya ubao fulani katika umri wake fulani. Tazama mstari wa fremu: katika chapa za mwanzo ni mzima, za baadaye una mapengo, na pengo likishatokea halirudi. Bei inafuata mapengo hayo, na karatasi, na kama kuna mtu amewahi kuipitisha kwenye mashine ya laminesheni. Iliyopigwa laminesheni haina bei.

Anayetaka kweli kuchapa picha yake mwenyewe tunamwelekeza kwa mchongaji, amchongee nakala mpya kwenye cheri ya milimani. Inachukua miezi, si rahisi mfukoni, ila ubao ule utachapa mpaka wajukuu. Hakuna aibu katika kuchonga upya. Munakata Shiko, msanii wa Kijapani wa chapa za mbao, alipoteza kwa moto wa vita mbao mbili za Bodhisattva, watakatifu wa Kibuddha, katika kazi yake ya Wanafunzi Kumi wa Buddha ya mwaka 1939. Akazichonga upya mwaka 1948, na kazi hiyo ikamletea tuzo São Paulo mwaka 1955 na Venice mwaka 1956.

Kwa mbao za zamani tunakubali kutoa chapa moja ya majaribio, sisi wenyewe, kwa sumi nyepesi, baada ya kuukagua ubao. Zaidi ya nusu tunakataa. Usikasirike ukikataliwa, na ada ya ukaguzi inabaki ada, kwa sababu kazi ya kukagua imeshafanyika.

Kama umeshaupaka wino wa mafuta, usitie maji, usitie sabuni, usitie tapentaini. Usiuanike. Ulaze juu ya karatasi nyeupe isiyochapwa, uso ukiangalia juu, kwenye chumba kisicho na feni inayoupuliza moja kwa moja. Walio pwani wasiuegemeze ukutani msimu wa masika, ukuta una unyevu. Piga picha mbili, mbele na nyuma, taa ikiwa pembeni, ututumie kabla ya kumwuliza seremala.