Kilo za mtoto kwenye ripoti ya ultrasaundi mama anapokuwa na kisukari cha mimba

Akina mama wengi waliogunduliwa kuwa na kisukari cha mimba hufungua ripoti yetu wakitafuta kitu kimoja tu, yaani kilo za mtoto. Hofu hiyo tunaielewa, na ndiyo maana tunaona ni wajibu wetu kueleza namna tarakimu hiyo inavyopatikana.

Ultrasaundi si mizani. Mpimaji hupima kichwa cha mtoto, mzingo wa tumbo lake na urefu wa fupa lake la paja, kisha mashine hukadiria uzito kwa kanuni maalumu, na inayotumika sana ni ile ya daktari Frank Hadlock wa Marekani ya mwaka 1985. Makadirio hayo yanaweza kupishana na uzito halisi kwa asilimia 10 hadi 15, hivyo mtoto aliyeandikiwa kilo 3.8 anaweza kuzaliwa na kilo 3.3 au 4.3 bila mpimaji kuwa amekosea popote.

Kwa mama mwenye kisukari, sisi huutazama zaidi mzingo wa tumbo la mtoto. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma lakini insulini yake, yaani homoni inayoshusha sukari katika damu, haipiti, kwa hiyo kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi, nayo huigeuza sukari ya ziada kuwa mafuta chini ya ngozi na akiba katika ini, kama alivyoeleza daktari Jørgen Pedersen wa Denmark katika miaka ya 1950. Matokeo yake tumbo na mabega hunenepa kuliko kichwa, na hapo ndipo ilipo hatari yenyewe: kichwa kinaweza kutoka, mabega yakakwama.

Kwa sababu hiyo kipimo kimoja cha wiki ya 36 hakituridhishi. Tukiwa na cha wiki ya 28 au 32 cha kulinganisha, tunaona kama tumbo linakua kwa kasi kuliko kichwa, jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko kilo zenyewe. Tafadhali njoo na kadi ya kliniki, daftari la vipimo vya sukari, na utueleze uzito wa watoto waliotangulia, maana aliyewahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumpata mwingine kama huyo.

Uamuzi wa kujifungua kwa upasuaji ni wako na daktari wako. Tunachokusihi ni usijinyime chakula kwa kuogopa ripoti. Ipeleke kliniki, wapange upya mlo au dawa.