Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kufika. Mwaka huu klabu yetu ya kuunda na kupaka rangi modeli za plastiki imepokea wengi ambao hawakuwahi kushika brashi, na karibu wote walikwama pale pale: rangi nzito. Naanza na hilo, maana hesabu za fedha mtazisikia kwa mhazini.

Kijana wetu mmoja alileta modeli ya Airbus A330-800, aina inayorushwa na Uganda Airlines, kwa kipimo cha 1:144, yaani ndogo mara 144 kuliko ndege yenyewe. Mabawa ambayo kwa ndege yenyewe hufika mita 64, mezani yalikuwa sentimita 44 hivi. Mkiani alitaka rangi za bendera yetu. Akaanza na nyeusi, akapaka njano juu yake. Njano ikageuka kijani cha matope. Akaongeza mkono wa pili, wa tatu, wa nne, mpaka mistari myembamba ya maungio ikazibika. Akakaa kimya ameishika, nami nikaumia naye.

Kwa kuwa rangi ilikuwa ya akriliki, tuliitoa kwa spiriti na mswaki uliochakaa. Tukaosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Hili lifanyike kwa kila modeli, kwani plastiki huweza kutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, yaani umbo inamomiminwa, na rangi haishiki juu ya mafuta. Tukapiga andakoti nyeupe, yaani rangi ya kwanza ya chini. Njano ikatangulia, nyekundu ikafuata, nyeusi ikaja mwisho. Rangi tuliizimua ikawa nyepesi kama maziwa. Mkono wa kwanza ulionyesha weupe chini yake, nikamsihi asirudie kabla haujakauka. Wa tatu ukafunika vizuri.

Kosa moja ni langu. Aprili, mvua ikinyesha, niliruhusu vanishi ya kopo ipulizwe barazani. Modeli kadhaa zikafunikwa na ukungu mweupe: thina, kile kimiminika cha kuzimulia vanishi, inapokauka haraka hupoza uso wa modeli, na unyevu wa hewa hunasa kwenye vanishi. Nawaomba radhi wenye modeli hizo. Tangu sasa, siku za mvua ni brashi tu. Kupuliza kusubiri hewa kavu, milango iwe wazi, na barakoa ivaliwe.

Kamati inaomba fedha zijazo zinunue kwanza brashi nzuri na andakoti, modeli mpya baadaye.

Ndege ya kijana iko hapa mbele. Mkiitazama, ishikeni tumboni. Vanishi ya mkiani bado haijakomaa.

Mwenyekiti