Watoto wa awali wapewe udongo wachezee

Mhariri, naomba nafasi nichangie hii ishu ya watoto wa darasa la awali hapa Kigoma kujaziwa kazi za kuandika kwenye madaftari. Mtoto wa miaka minne penseli bado anaikamata kwa ngumi, halafu tunataka aandike mistari imenyooka, kweli jamani? Mpeni udongo afinyange ng'ombe, mpeni boksi na vizibo atengeneze gari, hapo ndo misuli ya vidole inakomaa na akili inachemka, maana tairi likigoma kuzunguka lazima atafute njia mwenyewe, na wakigombania mkasi wanajifunza kusubiriana.

Gharama yenyewe iko wapi, majani ya michikichi ya kutengenezea vitu Ujiji yamejaa. Walimu watenge nusu saa kila siku ya michezo hii, na kamati za shule ziwaombe mafundi cherehani mabaki ya vitambaa.

Mzazi, Ujiji